Uza Mapema, Hifadhi Mbegu

Mfugaji wa Magarini na Ganze, bila shaka wakumbuka ukame wa 2021. Tarehe 8 Septemba mwaka ule Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la taifa, na Serikali ikanunua mifugo kwa njia ya Tume ya Nyama ya Kenya. Lakini ng'ombe aliyekwisha kuanguka hanunuliwi. Basi fanya hivi:

1. Nyasi zikianza kukauka, tenga majike wachache wazuri na fahali mmoja. Hao ndio mbegu yako.
2. Uza maksai na wazee wangali na nyama.
3. Kwa fedha hizo walishe na uwanyweshe waliobaki.
4. Mwulize Bwana Mifugo mapema habari za msaada.

Mkongojo husaidia kutembea. Miguu ni yako.