Umbali kwa Kasi Isiyobadilika

Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Gari lililomtangulia lilimulika miale ya leza barabarani kuonyesha mwendo uliopangwa: dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Tutumie mbio hizo.

Kanuni unaijua: umbali = kasi × muda. Watahiniwa wengi hawaisahau. Alama huwapotea kwenye vipimo. Kwa hivyo geuza vipimo kwanza. Dakika 2 na sekunde 50 ni sekunde 170, na kilomita moja ni mita 1,000. Kasi ni 1,000 ÷ 170, yaani takriban mita 5.88 kwa sekunde. Muda wote wa mbio ni sekunde 7,180.

Umbali = (1,000 ÷ 170) × 7,180 = mita 42,235

Lakini njia ilikuwa mita 42,195! Hizo mita 40 zimetoka wapi? Hesabu ni sahihi. Ni kwamba Kipchoge alitumia wastani wa sekunde 170.16 kwa kilomita, si 170 kamili. Tofauti ndogo hivyo, ikirudiwa kilomita 42, huonekana. (Usikadirie hadi 5.88 mapema, kadiria jibu la mwisho tu.)

Sasa swali la kawaida: basi linaenda kilomita 72 kwa saa kwa dakika 25. Ukiandika 72 × 25 utapata kilomita 1,800, ilhali Nairobi hadi Mombasa haifiki hata 600. Jiulize kila mara kama jibu linawezekana. Dakika 25 ni 25/60 ya saa, kwa hivyo umbali ni kilomita 30. Vilevile, dakika 90 ni saa 1.5; usiandike 1.30.

Kwenye grafu ya kasi dhidi ya muda, kasi isiyobadilika ni mstari mlalo, na umbali ni eneo la mstatili ulio chini yake.

Zoezi: Treni inaenda mita 25 kwa sekunde kwa dakika 8, inasimama dakika 2, kisha inaenda mita 15 kwa sekunde kwa dakika 10. Puuza muda wa kuongeza na kupunguza kasi. Tafuta umbali wote na kasi ya wastani.

Jibu: 12,000 + 0 + 9,000 = mita 21,000. Kasi ya wastani ni 21,000 ÷ 1,200 = mita 17.5 kwa sekunde. Aliyepata 20 amejumlisha 25 na 15 akagawanya kwa 2.