Je, ni vibaya kuikumbuka kafyu kwa furaha?

Swali: Mwaka 2020, kafyu ya korona ilimrudisha mume wangu nyumbani kabla ya saa moja usiku. Tulikula pamoja, tukacheza karata na watoto. Jirani yangu alifiwa wakati huohuo. Je, nakosea kuukumbuka wakati ule kwa furaha? — Mama Brian, Nakuru

Jibu: Hukosei, Mama Brian. Ubaya ungekuwa kumwambia jirani kwamba kila jambo lina heri yake. Hilo alitamke mwenyewe, akitaka.

Kilichokufurahisha si korona, ni meza ile. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini hakuna amri inayomkataza mzee wako kuwahi nyumbani hata Jumatano moja!

Ukitaka kuzirudisha jioni kama zile, kuna zoezi la kujaribu. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walichapisha jaribio ambapo watu waliandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyowaendea vyema pamoja na sababu zake. Furaha yao ilikuwa imeongezeka hata miezi sita baadaye. Wengi wakijaribu huziruka sababu, nami naona ndizo zenye faida. Ukiandika "tulicheka", umeweka kumbukumbu. Ukiandika "tulicheka kwa sababu televisheni ilikuwa imezimwa", unajua la kufanya kesho jioni.