SOMO LA MWEZI: Mtakatifu Yosefu Allamano, Sista Leonella na Mlinzi Wake



Somo la mwezi huu limetokana na swali la jirani. Katika bloku yetu anaishi mzee mmoja Mbajuni, mzaliwa wa kisiwa cha Fuma, mojawapo ya vile visiwa vidogo vilivyopangana mbele ya pwani kutoka Kismayu kushuka kuelekea mpaka wa Kenya. Ni Mwislamu, na kabla ya vita vya 1991 kazi yake ilikuwa uvuvi. Alikuja kwangu kuazima nyundo, akaona ukutani kalenda yenye picha ya padre mzee wa Kiitaliano. Akauliza, “Mwalimu, huyu naye ni nani?” Nikamjibu kwamba ni mtakatifu mpya, Papa Fransisko alimtangaza mwaka 2024. Mzee akacheka. “Kwani utakatifu hutangazwa kama bei ya samaki?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nilipoleta swali hilo katika jumuiya yetu, nikaona hata sisi wenyewe tunalitamka neno “mtakatifu” kila siku katika litania bila kujua linapatikanaje. Kwa hiyo tujifunze pamoja.

Kwanza tuelewe kwamba Papa hamfanyi mtu kuwa mtakatifu. Mungu ndiye anayetakatifuza, na mbinguni wako wengi ambao majina yao hayajulikani na mtu yeyote, wakiwemo pengine bibi na babu zetu. Papa anapomtangaza mtu, Kanisa linasema kwa uhakika kwamba huyu yuko kwa Mungu, mnaweza kumwomba awaombee na mnaweza kuiga maisha yake. Ili kufika hapo kuna safari ndefu. Mtu akisha kufa, kwa kawaida hupita miaka isiyopungua mitano kabla ya uchunguzi kufunguliwa. Mashahidi huitwa, barua zake husomwa, na hata wale wenye la kusema dhidi yake husikilizwa. Katika hatua hiyo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Baadaye anaweza kutangazwa Mwenye Heri, ambapo huhitajika muujiza mmoja uliothibitishwa, isipokuwa kama ni mfiadini, kwa maana damu yake inatosha kuwa ushahidi. Ili aitwe Mtakatifu huhitajika muujiza mwingine uliotokea baada ya hapo, na sharti hilo huwahusu kwa kawaida hata wafia dini.

Mapapa wa nyakati zetu wametangaza watakatifu wengi kuliko wale wa zamani. Papa Yohane Paulo II alitangaza 482. Papa Fransisko alitangaza zaidi ya 900, ingawa hesabu hiyo inadanganya kidogo, kwa sababu zaidi ya 800 kati yao ni wafia dini wa mji wa Otranto huko Italia waliotangazwa siku moja mwaka 2013. Sisi wa Afrika Mashariki tunawakumbuka zaidi Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, waliotangazwa na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Lakini leo nataka tukae na padre huyu wa kwenye kalenda, kwa sababu njia yake inafika hadi nchi ya jirani yangu.

Yosefu Allamano alizaliwa tarehe 21 Januari 1851 huko Castelnuovo, kaskazini ya Italia, kijiji kile kile alikotoka Mtakatifu Yohane Bosco. Mjomba wake, Yosefu Cafasso, naye ni mtakatifu. (Wengine wana bahati ya ukoo!) Mwaka 1880 alipewa kusimamia patakatifu pa Mama Maria Mfariji, yaani Consolata, katika mji wa Torino, akakaa hapo mpaka kufa. Alitamani kwenda misioni lakini afya yake ilikuwa mbovu. Mwanzoni mwa mwaka 1900 aliugua karibu ya kufa, akaahidi kwamba akipona ataanzisha shirika la wamisionari. Akapona, na tarehe 29 Januari 1901 shirika likaanza. Mwezi Mei 1902 wanne wa kwanza, mapadre wawili na mabruda wawili, waliondoka Torino. Mwezi uliofuata walikuwa Tuthu, katika nchi ya Wakikuyu huko Kenya. Mwaka 1910 akaanzisha na shirika la masista. Mwaka 1924, miaka miwili kabla hajafa, wamisionari wake wakakabidhiwa na Somalia. Mapadre walikaa huko hadi 1930, nafasi yao ikashikwa na Wafransisko, lakini masista wa Consolata waliendelea kubaki.

Tazameni ajabu hii. Mtu huyu hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuungamisha, kuwafundisha vijana, na kusoma barua kutoka mbali. Aliwaambia wanafunzi wake mara kwa mara kwamba wema ufanywe vizuri na usipigiwe kelele. Alikufa tarehe 16 Februari 1926, hivyo mwaka 2026 unatimiza miaka 100.

Alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1990, kisha ikapita miaka 34 ya kungoja. Muujiza uliopokelewa ulitokea mwezi Februari 1996 katika msitu wa Brazili. Mwanaume mmoja wa kabila la Wayanomami alishambuliwa na jagwa, mnyama wa jamii ya chui, akapasuliwa fuvu la kichwa. Masista wa Consolata wa misioni ile walimpeleka kwa ndege hospitalini katika mji wa Boa Vista, wakaweka masalia ya Allamano kando ya kitanda, wakasali. Ilikuwa siku ya kwanza ya novena yake. Mtu yule akapona, akarudi kwao msituni kuendelea na maisha yake. Muujiza huo haukumpata askofu wala tajiri wa Torino, bali mtu ambaye jirani zake wengi hawakuwa wamebatizwa. Basi tarehe 20 Oktoba 2024, Papa Fransisko akamtangaza Allamano kuwa mtakatifu pamoja na wenzake 13, wakiwemo wafia dini 11 wa Damasko waliouawa mwaka 1860.

Sasa twende Somalia. Binti mmoja wa shirika hilo ni Sista Leonella Sgorbati. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1940 katika jimbo la Piacenza, akasomea uuguzi huko Uingereza, akafika Kenya mwaka 1970. Waliozaa katika hospitali ya Nazareth karibu na Nairobi miaka ile huenda watoto wao walipokelewa na mikono yake. Baadaye alifundisha wauguzi huko Nkubu, Meru. Mwaka 2001 akaanza kwenda Mogadishu, na mwaka 2002 chuo cha wauguzi kikafunguliwa katika hospitali ya shirika la SOS. Nchi haikuwa na serikali iliyokamilika tangu 1991, kwa hiyo hata cheti cha muuguzi kilikuwa shida, maana nani angekitia sahihi? Hata hivyo mwaka 2006 wauguzi wa kwanza 34 walihitimu. Karibu wote, kama si wote, walikuwa Waislamu, na Sista hakuenda pale kuwabadilisha dini. Alikwenda kuwafundisha namna ya kufunga kidonda na kumzalisha mama.

Alijua hatari iliyokuwepo. Askofu Salvatore Colombo wa Mogadishu aliuawa kwa risasi tarehe 9 Julai 1989. Padre Pietro Turati, Mfransisko, aliuawa mwaka 1991 huko Jilib, kaskazini ya Kismayu. Hata leo hao wawili hawajatangazwa watakatifu.

Jumapili tarehe 17 Septemba 2006, baada ya kipindi, Sista Leonella alitoka chuoni kuvuka barabara kwenda nyumbani kwao masista. Ni mwendo mfupi tu. Watu wenye silaha wakampiga risasi. Siku zile kulikuwa na hasira nyingi juu ya hotuba ambayo Papa Benedikto XVI aliitoa Ujerumani siku chache nyuma, na wengi walihusisha mauaji na hotuba hiyo. Alipelekwa katika hospitali ile ile alimofundishia, akafa. Sista mwenzake aliyekuwa naye alisikia maneno yake ya mwisho. Alisema mara tatu: nasamehe.

Papa Fransisko alikubali mwaka 2017 kwamba kifo hicho kilikuwa ufiadini, na tarehe 26 Mei 2018 Sista Leonella akatangazwa Mwenye Heri katika kanisa kuu la Piacenza. Kwa hiyo wanaouliza kama ni mtakatifu, jibu ni kwamba yuko hatua moja nyuma. Bado muujiza unangojwa. Hakuna anayetukataza kumwomba kimya kimya kwa ajili ya wagonjwa wetu wa hapa kambini.

Hayo yote nilimsimulia mzee wangu wa Fuma tukiwa tumekaa kivulini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Alikuwa peke yake?” Nikasema hapana, alikuwa na mlinzi, naye aliuawa. “Jina lake nani?” Hapo, ndugu zangu, niliona haya. Nilikuwa nimesimulia habari hiyo mara nyingi katika mafundisho, na sikuwahi kulitaja jina hilo. Ilinibidi niende kulitafuta katika gazeti la zamani. Aliitwa Mohamed Mahmud, Msomali, Mwislamu, baba wa watoto wanne. Alijaribu kumkinga Sista, akafa pale pale. Damu ya wote wawili ilimwagika katika vumbi moja.

Kwa nini nilikuwa nimemsahau? Nitasema ukweli. Mtakumbuka kiangazi kilichopita tulivyogombana kwenye bomba la maji, madumu yakapigwa mateke, watoto wetu na watoto wa Kisomali wakaanza kutukanana kwa majina ya dini. Tangu siku ile mimi mwenyewe nilikuwa nawasalimu baadhi ya majirani nusu nusu. Nilipenda hadithi yenye mtu mwema mmoja wa upande wetu na wabaya wa upande wao. Mohamed Mahmud anaiharibu hadithi hiyo.

Je, Kanisa linaweza kumtangaza naye mtakatifu? Hapana, maana anayetangazwa ni yule aliyebatizwa na kuishi katika imani ya Kanisa. Lakini msikilize vizuri. Kutotangazwa si kuhukumiwa. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 juu ya dini nyingine, Kanisa limetufundisha kuwaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Nanyi someni Mathayo 25, kuanzia mstari wa 31, mwone kama Mfalme anaanza kwa kuuliza mtu alisali wapi. Hata wale wafia dini wa Damasko waliotangazwa pamoja na Allamano wana habari ya namna hii kando yao, kwa kuwa katika ghasia zile za 1860 Amiri Abdelkader, Mwislamu wa Aljeria aliyekuwa uhamishoni, aliwaficha na kuwaokoa maelfu ya Wakristo. Mkimbizi mwenzetu huyo, ukipenda kusema hivyo.

Kuna jambo moja gumu limebaki. Nilipofundisha somo hili katika jumuiya, mama mmoja alisimama akasema, “Katekista, Sista alisamehe kwa kuwa alikuwa anakufa. Mimi niko hai, nawalea watoto wa marehemu, na waliomuua mume wangu najua majina yao. Unaniambia nini?” Kikao kizima kilinyamaza. Sikumwambia mengi. Nilimwambia kwamba Sista Leonella hakupewa neno lile siku ile, alikuwa amelifanyia mazoezi miaka 36 wodini na darasani, na kwamba kusamehe hakumzuii mjane kutoa ushahidi wala kudai haki ya watoto wake. Hakuridhika. Aliketi, na mwisho wa sala hakutoa amani kwa mtu yeyote. Lakini wiki iliyofuata alikuja tena na kitabu chake cha nyimbo, akakaa mahali pale pale.

Mzee wa Fuma amerudisha nyundo. Aliitazama tena picha ya kalenda, akaniambia nikipata picha ya yule mlinzi nimwonyeshe. Sijaipata.

Kwa mazungumzo ya jumuiya wiki hii, someni Mathayo 5:43-48 na Yohane 15:12-17 taratibu, kila mmoja ashike Biblia kwa zamu. Kisha mjiulize ni jirani yupi wa imani nyingine aliyekutendea wema njiani ulipokuwa unakimbia, na kama jina lake bado unalikumbuka. Wenye majina hayo wayaandike kwenye karatasi, wayalete Jumapili pamoja na sadaka, nasi tutayasoma katika sala ya waamini. Wasioweza kuandika wamwambie mwenyekiti wa jumuiya yao awaandikie. Jumuiya zote zinakutana Ijumaa saa kumi jioni, isipokuwa zile za upande wa korongo, ambazo kwa sababu ya mvua zitakutana Jumamosi asubuhi.