Jinsi ya Kupima Tangazo la Kazi Kabla ya Kutoa Nauli

Mwongozo huu ni wa mtafuta kazi wa Tanzania Bara aliyekutana na tangazo lenye pesa nyingi na maelezo machache: "Vijana 30 wanahitajika haraka, elimu kidato cha nne na kuendelea, mshahara 400,000 hadi 900,000, uzoefu si lazima." Matangazo ya namna hii mara nyingi humfikisha mtu kwenye chumba kilichojaa viti vya plastiki, anasifiwa kwa dakika kumi, na kesho yake anakabidhiwa begi la bidhaa atembeze mtaani bila mshahara. Kuuza kwa kamisheni ni kazi halali, na wapo wauza bima wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo. Ninachokipinga ni kumficha mtu habari hiyo mpaka awe ameshakopa nauli.

Maneno manne yatumike kwa maana hizi tu. Mshahara wa msingi ni kiasi utakacholipwa kwa saa zako za kawaida za kazi hata usipouza kitu. Kamisheni ni malipo yanayotokana na mauzo. Kamisheni tupu ni kamisheni isiyo na mshahara wa msingi. Mtoa kazi ni yeyote aliyetoa tangazo, awe kampuni, wakala au mtu binafsi.

Vifaa: daftari, kalamu, na simu yenye kikokotozi inayoweza kupiga picha ya skrini. Fuata hatua kwa mpangilio. Usitoe shilingi yoyote, hata ya nauli, kabla ya kumaliza hatua ya 6.

1. Hifadhi tangazo. Piga picha ya skrini, au picha ya kawaida kama limebandikwa kwenye nguzo au ukuta wa kituo cha daladala. Andika daftarini tarehe, saa na mahali ulipoliona. Hakiki: fungua picha uone kama namba ya simu na kiasi cha pesa vinasomeka.

2. Chambua tangazo. Andika daftarini mambo matano: jina kamili la mtoa kazi, mahali pa kazi, kazi yenyewe, kiasi cha malipo, na idadi ya nafasi. Kazi yenyewe iandike kwa kitenzi: kuuza, kupakia, kuandika hesabu, kupokea wageni. Cheo hakitoshi. "Afisa Masoko", "Balozi wa Bidhaa" na "Meneja Mfunzwa" ni vyeo ambavyo mtu anaweza kupewa asubuhi na mchana akawa anagonga mageti. Usipopata kitenzi, andika "haijatajwa". Kwa malipo, neno "hadi" au maneno "na kuendelea" yakiwepo, andika pia "haijatajwa", kwa sababu kiasi cha namna hiyo hakimfungi mtu yeyote. Hakiki: ukiwa na "haijatajwa" mbili au zaidi, hatua ya 4 haiwezi kurukwa kwa sababu yoyote, hata kama tangazo umetumiwa na ndugu yako.

3. Tafuta jina la mtoa kazi kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni. Linganisha herufi kwa herufi. Neno moja likiongezwa au kupungua, hiyo inaweza kuwa kampuni nyingine kabisa. Usajili unathibitisha kwamba jina lipo kisheria, basi. Hauthibitishi kwamba wanalipa mshahara. Kama tangazo halina jina, ruka hatua hii kwa sasa na uirudie utakapolipata.

4. Tuma meseji ifuatayo kwa namba iliyo kwenye tangazo. Usipige simu; maneno ya mdomoni hayabaki.

"Habari za kazi. Nimeona tangazo lenu la kazi na ninaomba kufahamishwa mambo manne kabla ya kuja kwenye usaili. (a) Jina kamili la kampuni ni lipi? (b) Mshahara wa msingi kwa mwezi ni shilingi ngapi kwa mtu ambaye hajauza kitu chochote? (c) Je, kuna fedha ninayotakiwa kulipa kwa ajili ya fomu, mafunzo, sare au bidhaa? (d) Kazi inafanyika ofisini au ni ya kutembea? Asante sana."

Subiri siku mbili za kazi. Wakikupigia badala ya kuandika, sikiliza kwa adabu, kisha sema: "Nashukuru, naomba mniandikie hayo kwa meseji."

5. Pima majibu. Swali la (b) lina jibu moja tu linalokubalika: tarakimu. "Utaelezwa ukifika" hesabu kuwa hakuna jibu. "Inategemea juhudi zako", "hapa hatuweki kikomo cha kipato" au "wenzako wanapata milioni" yote hesabu kuwa kamisheni tupu. Siku mbili zikipita kimya, acha tangazo hilo. Jibu la (c) likitaja kiasi chochote, hata shilingi 5,000 ya fomu, acha pia. Watu 30 wakilipa hiyo 5,000, mtoa kazi ameshapata 150,000 kabla hajaajiri hata mmoja.

Sababu ya kung'ang'ania majibu kabla ya safari ni hii. Mtu aliyetoka Mbagala mpaka Tegeta, akasubiri saa tatu kwenye foleni, huona uchungu kurudi mikono mitupu, na hukubali jambo ambalo angelikataa akiwa nyumbani. Kwa aliyetoka Singida au Mbeya na begi lake ni vigumu zaidi, maana hata pa kulala anapategemea kwa hao hao waliomwita.

6. Kokotoa kipato halisi kama ni kamisheni tupu na bado unaifikiria. Omba kwa meseji bei ya bidhaa na asilimia ya kamisheni. Mfano: bidhaa inauzwa 20,000, kamisheni ni asilimia 12, yaani 2,400 kwa kila moja. Gharama zako kwa siku: nauli 2,800, chakula 3,000, salio 1,000; jumla 6,800. Gawanya 6,800 kwa 2,400: unapata 2.8, kwa hiyo bidhaa tatu za kwanza kila siku zinarudisha gharama zako tu. Kwa siku 26 za kazi gharama ni 176,800. Ili ubakiwe na 400,000, kamisheni yako ifike 576,800, yaani bidhaa 241 kwa mwezi, sawa na zaidi ya 9 kila siku; hesabu 10.

Endelea na hesabu ya milango. Ukikadiria kwamba mtu mmoja kati ya 15 atanunua, bidhaa 10 zinahitaji milango 150. Siku ya saa 9 ina dakika 540, kwa hiyo kila mlango una dakika 3.6, pamoja na kutembea, kupiga hodi, kueleza na kupokea pesa. Weka tarakimu za mtaa unaoujua na urudie hesabu. Hakiki: kama namba ya mwisho haiwezekani kwa miguu yako, kazi hiyo haikufai hata mtoa kazi akiwa mkweli.

7. Nenda kwenye usaili ikiwa tu hatua ya 5 au ya 6 imepita. Acha picha ya tangazo na anwani kwa mtu wa nyumbani. Ukialikwa "siku ya mafunzo kwa vitendo", uliza kwanza nani analipia nauli na siku hiyo ina malipo gani. Ondoka mara moja ukiambiwa kwamba pesa inatokana na kiingilio cha watu utakaowaunganisha chini yako. Kuendesha upatu wa piramidi ni kosa chini ya kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu, na anayeleta wenzake huulizwa na wenzake.

8. Dai maelezo ya ajira kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo hayo anapoanza kazi, yakiwemo majukumu, mahali, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyokokotolewa. Soma kila ukurasa ukitafuta maneno "wakala wa kujitegemea" na "mali kauli". Ya kwanza yanalenga kukutoa kwenye ulinzi wa mfanyakazi. Ya pili yanaweza kukuachia deni la bidhaa zitakazopotea au kuibwa. Usisaini ukurasa wenye nafasi tupu, na usiondoke bila nakala.

9. Tunza kumbukumbu ikiwa umeshaanza kazi bila kufuata hatua hizi. Kila jioni andika saa ya kuingia, ya kutoka, aliyekuagiza, na ulichouza. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata hali moja kati ya zilizotajwa humo: mathalani saa zako kupangwa na mtoa kazi, kupewa vifaa naye, au kumfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mkataba kukuita wakala hakufuti hali hizo.

10. Peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Suala la kuachishwa kazi lina siku 30. Madai mengine, kama malipo, yana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Jaza fomu namba 1 ya CMA, mpelekee mtoa kazi nakala, na upate saini au uthibitisho mwingine kwamba ameipokea. Ambatisha picha ya hatua ya 1, meseji za hatua ya 4 na daftari la hatua ya 9.