Majitaka Shambani: Njia ya Metali Nzito Kuingia Mwilini

Mkulima wa mjini huona faida mbili katika majitaka. Kwanza, hayakauki wakati wa kiangazi. Pili, yana naitrojeni na fosforasi, ambazo hurutubisha mimea. Lakini maji yaliyopita viwandani au katika karakana huweza pia kubeba metali nzito, kama vile risasi, kadimi na zebaki. Yafaa tuelewe kwa nini uchafu huu si sawa na uchafu mwingine.

Metali haiozi

Vijidudu vya maradhi hufa vikichemshwa, na mabaki ya viumbe huozeshwa na bakteria. Kadimi, kinyume chake, ni elementi. Hakuna moto wa jikoni wala bakteria wanaoweza kuiangamiza. Huhama tu kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Tupige hesabu. Chukua maji yenye miligramu 0.01 tu ya kadimi kwa lita, kiasi ambacho Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekipendekeza kuwa kikomo cha maji ya kumwagilia. Hekta moja ikipata lita milioni 10 kwa mwaka, hupokea gramu 100 za kadimi. Udongo wa juu wa hekta hiyo, wa kina cha sentimita 20, una uzito wa kilo milioni 2.6 hivi. Ikiwa kadimi yote itabaki humo, kila kilo ya udongo itaongezewa miligramu 0.04 kwa mwaka, yaani miligramu 1 katika miaka 25. Udongo usiochafuliwa kwa kawaida huwa na chini ya kiasi hicho.

Kutoka udongoni hadi mezani

Katika jedwali la elementi, kadimi imo kundi moja na zinki, ambayo mmea huihitaji. Kwa sababu ya kufanana huko, mizizi huipokea kadimi pia na kuipandisha majanini, hasa udongo ukiwa na asidi. Risasi hupanda kwa shida. Aghalabu hushikamana na majani pamoja na vumbi na tope. Kwa hiyo, kuosha mboga hupunguza risasi iliyo juu ya jani, lakini hakuondoi kadimi iliyo ndani yake.

Ng'ombe huyapata madhara haya kwa njia tatu: maji anayokunywa, majani anayokula, na udongo anaoumeza akiwa malishoni. Kadimi hukusanyika katika figo na ini lake, na risasi hujificha mifupani mahali pa kalisi. Katika mwili wa binadamu, nusu ya kadimi iliyo katika figo huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Risasi nayo hudhuru ubongo wa mtoto, hata ikiwa kidogo.

Funzo la Japani

Katika jimbo la Toyama, mashamba ya mpunga yalimwagiliwa kwa maji ya Mto Jinzu, uliopokea kadimi kutoka mgodi wa zinki wa Kamioka. Walaji wa mchele huo, hasa wanawake wenye umri mkubwa, waliharibika figo na mifupa yao ikavunjika kwa urahisi. Ugonjwa uliitwa «itai-itai», yaani «inauma, inauma». Serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968, lakini kazi ya kuusafisha udongo ilikamilika mwaka 2012 tu.

Hapa kwetu

Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ukakuta risasi na kadimi. Mabonde hayo yamewapa watu wengi riziki na mji mboga. Kumfukuza mkulima hakutazuia metali kuingia mtoni. Dawa kuu ni kiwanda kusafisha maji yake kabla ya kuyamwaga. Shambani, chokaa hupunguza asidi, na hivyo kadimi hunyonywa kwa uchache; tena ni heri ardhi iliyochafuka ipandwe maua kuliko mchicha.

Maswali

1. Kwa nini kuchemsha mboga hakuondoi hatari ya kadimi?
2. Rudia hesabu yetu kwa maji yenye miligramu 0.05 kwa lita. Itachukua miaka mingapi kufikia miligramu 1?
3. Kwa nini figo la ng'ombe mzee huweza kuwa na kadimi nyingi kuliko la ndama wa malisho yaleyale?