Halmashauri ya Nyumba Moja

Vyama vya kheri katika miji yetu ni vingi: vya kusomesha mayatima, vya kuuguza wagonjwa na vya kuzika maiti wasio na jamaa. Twavishukuru. Lakini tukiwatazama waketio katika halmashauri zake, mara nyingi twaona mtu, nduguye, mkwewe na sahibu yake wa barazani.

Sababu si dhulma daima. Nafasi ikitokea, habari hupitishwa kwa mdomo, na mdomo hauvuki mtaa. Mkutano huwekwa usiku, saa ambayo mama mwenye mtoto mchanga hawezi kutoka. Tena ghorofani, ambako asiyeweza kutembea hapandi. Mwenye kujitolea hapewi nauli, basi maskini akaaye Likoni huja siku ya kwanza, ya pili asionekane. Hapana aliyefukuzwa, na hata hivyo mlango umefungwa.

Hasara yake ni kubwa, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Halmashauri isiyo na kipofu itatangaza misaada yake kwa karatasi tu, na vipofu wasipate habari.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitambua jambo hili. Kifungu cha 27 chataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Na kifungu cha 54 chataka walemavu wafikie, hatua kwa hatua, angalau 5 katika kila 100. Lakini maandishi peke yake hayatoshi. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotunga sheria ya kutimiza sharti hilo la jinsia, na Bunge halikuvunjwa. Ikiwa wakubwa wamelemewa, yatupasa sisi tuanze katika vyama vyetu vidogo.

La kwanza, nafasi itangazwe kwa maandishi na kwa sauti, misikitini, sokoni na redioni. La pili, sifa zitakiwazo ziandikwe kabla ya majina kutajwa, na kila mwombaji aulizwe maswali yale yale. La tatu, wenye kujitolea warudishiwe nauli, na mikutano iwekwe saa na mahali panapofikika na wote. La nne, uongozi uwe na muda, ukomapo mtu ampishe mwenziwe.

Huenda mtu akasema: "Je, tuwaweke wasiojua kazi?" Hasha. Hatusemi kipimo kishushwe. Twasema wapimwe wengi. Wala hatutaki mwanamke mmoja aitwe akae pembeni aandike hesabu ya vikombe, kisha tujisifu. Akiitwa, na apewe neno lake, na neno lake lipimwe kama la wengine.

Basi utakapohudhuria mkutano wa mwaka wa chama chako, ewe msomaji, hesabu walioketi mbele, kisha uulize: ni nani tunaowahudumia, na mbona hawamo?