Dondoo muhimu: Kubadili pedi za breki za nyuma nyumbani

Nyama ya pedi ikibaki milimita 3, bila kuhesabu bati lake, ibadili; usisubiri chuma kianze kusaga diski. Badili za magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana mzima.

Egesha gari pakavu na tambarare, kaza vigingi mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kisha achia handibreki. Legeza nati kabla ya kuinua. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likae juu ya stendi. Tafadhali usilipuuze hili, jeki huteleza bila kubisha hodi.

Wengi hukwama kwenye pistoni. Handibreki ya waya ikiwa inafanya kazi kupitia kalipa, mara nyingi pistoni ya nyuma hairudi kwa kusukumwa tu kama ya mbele: huzungushwa huku ikikandamizwa, na ukiilazimisha utaiharibu. Itazame usoni, ina mikato. Kwenye magari mengi mmojawapo lazima upokee kijipini kilicho mgongoni mwa pedi mpya. Handibreki ya umeme iwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo.

Kalipa isining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya. Chungulia pia kopo la mafuta ya breki, kwani hupanda pistoni inaporudi, na yakimwagika hula rangi ya gari.

Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Mkanyago wa kwanza unaweza kuzama mpaka sakafuni.